Jina Lililonikwama Mlangoni mwa Korti

Bwana asifiwe! Mnaitika kama wenye malaria. Mimi nimefika jana kutoka Mbarara na cheti cha ukarani wa korti, cheti mlichoombea ninyi wenyewe, halafu mnaniitikia hivyo? Asifiwe tena! Na wewe mzee pale nje dirishani, najua unanisikia.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Esteri, muke wa Danieli, yule muuza sabuni na chumvi wa hapa kambini Misiera. Mnajua pia ukoo nilioolewa, wafugaji kutoka milima ya Minembwe. Na kwetu, mwanamuke hataji jina la baba mkwe wake. Hataji! Hata akiwa peke yake shambani. Anasema "mzee", anasema "baba wa bwana yangu", na jirani akiwa na jina lile lile, naye anatafutiwa jina lingine. Miaka yote ya ndoa nimezunguka hivyo. Nilizoea, sikujua kama ni mnyororo.

Kisha nikaenda chuo. Watu wanafikiri karani wa korti ni kupiga muhuri tu. Jamani! Karani anapanga majalada, anaandika tarehe za kesi, anaapisha mashahidi. Na zaidi ya yote anasimama mlangoni na kuita watu. Anaita jina zima, kwa sauti, mara tatu. Mtu asipoitika, hakimu anaweza kuifuta kesi yake.

Darasani nilienda vizuri. Mwisho wakatupeleka kwenye korti moja ya Mbarara kwa mazoezi, na madamu, mwalimu wetu, akaja kutupima. Ukianguka hapo, hakuna cheti. Watoto wangu niliwaacha kwa bibi yao muda wote ule, wakilia kila nikiondoka. Nirudi na nini? Na maelezo?

Asubuhi ya kupimwa, naona nani kwenye benchi ya nje? Mzee! Baba mkwe wangu, na fimbo yake, na mama mkwe kando yake. Mtu mmoja wa Endiinzi alikuwa amewazuilia ng'ombe akisema wamekula mahindi yake, na wao ndio walioleta kesi. Nikamwambia madamu mbio mbio kwamba huyu ni wa kwetu, mwingine amuite.

"Wewe si hakimu," akasema. "Wewe kazi yako kuita tu. Ita!"

Nikasimama mlangoni na jalada. Mdomo ulifunguka, jina likakataa. Nikaita, "Mzee wa ng'ombe za Endiinzi!" Wakasimama wazee wanne, wote na kofia, wote na fimbo. Siku hiyo kila mtu alikuwa na ng'ombe! Nikawakalisha. Nikaita, "Baba Danieli!" Akaja mtu wa Biharwe mwenye kesi ya kiwanja, hata salamu hakutoa, akataka kuingia. Nikamsukuma nje. Na mzee wangu? Amekaa! Ananiangalia usoni, mikono juu ya fimbo, ametulia kabisa. Mungu anisamehe, nilitamani kumrushia lile jalada.

Ndani hakimu akauliza kama aliyeleta kesi yuko au hayuko. Madamu akanijia na kalamu mkononi. "Esteri, korti hapana jua mambo ya bukwe, ya wakwe zako. Ita jina ya mtu, ama toka hapo."

Ndugu zangu, niliomba, na sikuomba kwa adabu. Nilisema, Bwana, ulinitoa kwenye risasi, ukanivusha mpaka, ukanipa shule nikiwa mama wa watoto, sasa unaniacha nianguke kwa jina la mtu aliyekaa mbele ya macho yangu? Kama ni wewe uliyenileta hapa, fungua huu mdomo!

Akaufungua! Haleluya! Nikalitoa jina lote, la kwake na la babake, mara tatu, mpaka wauza duka ng'ambo ya barabara wakatoka kutazama. Mama mkwe akajifunika uso na kitenge. "Yesu wangu, amelitaja!" Mzee akainuka polepole, akapangusa suruali, akanifikia pale mlangoni.

"Umekawia, mwana," akasema. "Minakungoyea tangu asubui."

"Baba, haukuniona? Haukuyua ni weye naita?"

"Nilikuona. Lakini balisema nisimame wakati jina yangu itaitwa. Miye siinukake kama siyaitwa."

Akaingia. Kesi ikasikilizwa, ng'ombe wakarudi, nami nikapita mazoezi. Nyumbani mama mkwe alitaka nipige magoti mbele ya ukoo mzima. Mzee akasema, "Mumuache. Alitumika kazi yake." Basi! Miaka yote ile nazunguka jina la mtu, na mwenye jina hakuwa hata na neno. Nilicheka, kisha nikalia.

Lakini sijamaliza. Mnamwona pale nje. Kila Jumapili anakuja, anasimama chini ya dirisha, anasikiliza nyimbo zote na mahubiri yote. Mchungaji akimsihi aingie, anajibu neno moja tu: "Siyaitwa." Tumefunga kwa ajili yake, tumelia, tumekesha. Siyaitwa! Ati bado hajaitwa! Nimechoka na hilo neno.

Namshukuru Bwana aliyeufungua mdomo wangu. Na wewe uliyekaa nje ya mlango wake, kwa sababu yoyote ile, mtumaini, anakujua vizuri kuliko karani yeyote. Wamama, mufunike nyuso kama mnataka. Ndugu wa mlangoni, mufungue mlango wote. Hii kazi nimeisomea.

Rugabo, mwana wa Sebitwa! Rugabo, mwana wa Sebitwa! Rugabo, mwana wa Sebitwa!

Baba, umeitwa. Inuka, uingie.