Mama Ushahidi na Kurasa Kumi na Sita

Bibi yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita wa baba seremala na mama mkunga. Mdogo wake wa kike, ambaye tunaye hapa mstari wa mbele, anakumbuka walivyokuwa wakimenya viazi jikoni huku mama yao akiwahadithia habari za mama wa kambo mkatili. Wengine waliendelea kumenya kwa woga. Yeye aliweka kisu chini na kuuliza, "Lakini yule mama mwenyewe anasemaje?" Aliambiwa amenye viazi.

Alisoma shule ya msingi ya wafanyakazi wa kiwanda kuanzia mwaka 1955, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, ambako alimaliza mwaka 1967 akiwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa rafiki yake, na hadi uzeeni bibi alishikilia kwamba alishindwa kwa hesabu tu. Alihitimu chuo cha ualimu Novemba 1969. Mwezi Januari 1970 aliripoti shule ya kutwa iliyo karibu na karakana ya reli, akapangiwa chumba namba saba, kile chenye dirisha lisilofungika, na hakukiacha mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2003.

Alifundisha fasihi. Mliopita mikononi mwake mnajua maana yake. Hakukubali mhusika aitwe mbaya, wala mwema, kwa kuwa mwongozo wa mtihani umesema hivyo. Sheria yake ilikuwa sifa tatu kwa kila mhusika, moja ipingane na nyingine mbili, na kila sifa iwe na ushahidi wa ukurasa. Mwanafunzi akisema, "Mwalimu, huyu ni mlafi," bibi alinyoosha kiganja kama mtu anayeomba kurudishiwa kitu chake. "Ushahidi." Ndiyo maana wanafunzi walimwita Mama Ushahidi, jina lililomfuata sokoni, hospitalini, na mpaka kwenye shada la maua lililoletwa asubuhi ya leo.

Aliichukia miongozo ya majibu, na mimi nimerithi chuki hiyo bila kupunguza hata chembe. Nasema wazi mbele yenu kwamba tunawakosea watoto tunapowakaririsha sifa za watu ambao hawajakutana nao kitabuni. Mtoto aliyezoea kumhukumu mhusika kwa neno moja atamhukumu jirani yake vivyo hivyo. Bibi aliliona hilo mapema. Mkaguzi alipomuuliza mwaka 1976 kwa nini darasa lake lilikuwa nyuma ya ratiba, alijibu, "Bado tunamsikiliza mshtakiwa."

Babu yetu alikuwa fundi saa. Walikutana mwaka 1971, saa ya mkononi ya bibi iliposimama. Babu, akitaka kupendeza, alimwomba amwazime riwaya, na baada ya wiki mbili bibi akamuuliza anamwonaje mhusika mkuu.

"Mtu mzuri sana," babu akasema.

"Ushahidi?"

Babu alivua ile lenzi yake ya jicho moja. "Dada, nisikudanganye. Nimefika ukurasa wa arobaini, na mpaka hapo hajafanya chochote. Yuko njiani tu anakuja."

Bibi alisimulia kwamba siku hiyo ndipo alipoamua. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972, wakajaliwa watoto wawili, mama yangu na mjomba wangu, na waliishi pamoja kwa furaha na ubishi mpaka babu alipotutoka mwaka 2009. Riwaya ile hakuimaliza. Alama aliyoiweka iko bado ukurasa wa hamsini na tatu.

Sasa nafika mahali ambapo familia ilikaa kikao. Bibi alikuwa ametuagiza kwamba siku akiandikiwa wasifu, naye apimwe kwa sheria yake, sifa tatu, moja ipingane na nyingine mbili. Mjomba alisema wazi kwamba haafiki. "Watu wanakuja kumzika mama yangu, hawaji kumsahihisha." Mama yangu akamwambia, "Kaka, wasifu usio na kasoro mama angeupa sifuri. Mwache mtoto asome." Kwa hiyo nasoma.

Kuanzia mwaka 1981 hadi 1992 bibi alifundisha kidato cha tatu ile riwaya kongwe ya mama anayemwacha mwanawe wa miaka minne kwenye benchi la kituo cha treni. Shule ilikuwa na nakala tano tu, zote zilizofika ndani ya boksi moja, na bibi aliwasomea darasani kutoka katika yake, mojawapo ya hizo. Kwa miaka kumi na moja alifundisha kwamba yule mama ana sifa moja tu. Hakuwa na huruma. Huyu pekee, kati ya wahusika wote, bibi hakumpatia sifa ya kupingana. Alisema ameitafuta na haimo. Kila mwaka matokeo yalipotoka, wanafunzi wake walianguka kwenye swali la mhusika huyo, na kila mwaka bibi alisema wasahihishaji wanasahihisha huku wamelala.

Mwezi Mei 1989, wakijadili dhamira ya malezi, msichana mmoja wa miaka kumi na sita alinyoosha mkono akasema kwamba yule mama alirudi. Alirudi kituoni mara tatu kumtafuta mwanawe, na mara zote mke wa mkuu wa kituo, aliyekwisha kumchukua mtoto, alimfukuza.

"Ushahidi," bibi akasema.

"Nilikisoma kwa shangazi, mwalimu. Sikumbuki ukurasa. Kitabu kilikuwa cha watu, amekirudisha."

"Basi unatunga."

Darasa la watu arobaini na wawili lilicheka. Bibi alimsimamisha msichana hadi kipindi kilipoisha, na insha yake ya mwisho wa muhula, iliyorudia maneno yale yale, ilipewa sifuri kwa wino mwekundu. Msichana aliacha kusoma fasihi muhula uliofuata. Mwaka uliofuata aliacha shule.

Ilipita miaka thelathini na miwili. Kufikia mwaka 2021 kisukari kilikuwa kimefifisha macho ya bibi, na mimi, nikiwa likizo kutoka chuoni, nilikuwa nikimsomea sebuleni baada ya chakula cha mchana. Mwezi Juni nilinunua nakala mpya ya riwaya ile nikidhani namfurahisha. Nilipofika sura ya yule mama kurudi kituoni, amekumbatia sweta la mtoto ambalo sasa lingekuwa dogo, bibi alinikatiza.

"Unatunga."

"Bibi, nasoma."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akaniagiza nimletee nakala yake ya zamani, ile yenye jalada lililobandikwa karatasi kwa gundi. Nilifungua mahali pale nikaangalia namba za chini. Baada ya ukurasa wa 112 ulikuja ukurasa wa 129. Sura moja ilikuwa imeishia chini kabisa ya ule wa kwanza, na nyingine ilianzia juu kabisa ya ule wa pili, kwa hiyo sentensi hazikukatika. Kurasa kumi na sita hazikuwahi kuwemo. Bibi alipitisha kidole kwenye mshono wa kitabu, akakipitisha tena. Aliniomba nizime feni kwa sababu alisikia baridi. Kisha akasema, "Yule binti alikuwa amekaa safu ya pili, upande wa dirisha."

Hakuwa na amani tena. Alitunza madaftari yote ya mahudhurio, na kwa jina la yule binti lililokuwa humo mjomba wangu alimpata ndani ya wiki saba. Ni mama wa watoto watatu, fundi katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Tulimpeleka bibi huko tarehe 19 Agosti 2021. Mashine zilikuwa zimezimwa kwa mapumziko ya mchana. Bibi alikalishwa kwenye bunda la karatasi, akaeleza kila kitu bila kujitetea.

Fundi alikichukua kitabu, akakipindua, akakichungulia mgongoni. "Kitabu hushonwa kwa mafungu, mwalimu. Kumi na sita, kumi na sita. Aliyekuwa akikusanya aliruka fungu moja, labda boksi zima. Hutokea."

"Na hakuna aliyehesabu?"

"Wewe ulihesabu?"

Bibi alicheka, machozi yakimtoka. Akasema, "Nilikuharibia shule."

"Usijipe ukubwa, mwalimu. Shule niliacha kwa sababu zangu, na baba alikuwa mgonjwa. Ila kusoma hadithi niliacha kwa sababu yako. Nachapa vitabu mwaka wa ishirini huu. Sijasoma hata kimoja."

Bibi aliuliza afanye nini. Fundi alifuta mikono kwenye aproni, akafikiri. "Uliniambia natunga mbele ya darasa. Ukaseme mbele ya darasa."

Bibi aliahidi. Tulianza kuwatafuta wale arobaini na wawili, mmoja baada ya mwingine, na mkutano ukapangwa Jumamosi tarehe 17 Desemba 2022, chumba namba saba. Aliandika atakayosema kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa ili aweze kuziona. Tarehe 28 Novemba alipatwa na kiharusi akiwa anafunga kitambaa kichwani. Mkutano uliahirishwa, na hali yake haikuruhusu uitishwe tena. Upande wa kulia haukurudi, wala maneno hayakurudi vizuri. Kwa mwaka mmoja na nusu mama yangu alimuuguza kwa subira ambayo siwezi kuieleza bila kulia, na yule fundi alikuja kila Alhamisi, akavuta kiti karibu na kitanda, akamsomea. Walianza na ile riwaya. Mpaka mwisho walikuwa wamemaliza tisa. Bibi hakuweza kuuliza ushahidi, lakini fundi alipotoa maoni juu ya mhusika, kiganja cha kushoto kilinyooka juu ya shuka, na fundi alirudi nyuma kuutafuta ukurasa.

Bibi alifariki dunia Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, nyumbani, akiwa na umri wa miaka sabini na sita.

Sifa zake ni hizi. Alikuwa mwenye haki, na ushahidi ni ninyi mliojaa hapa. Alikuwa mnyenyekevu, na ushahidi ni lile bunda la karatasi alilokalia. Na alimkosea mtoto mbele ya wenzake. Ushahidi wa hilo aliuandika mwenyewe. Kati ya darasa la Mei 1989, kumi na tisa mmefika leo. Haya ndiyo maneno aliyotaka myasikie kutoka kwake:

"Nilisema anatunga. Hakuwa anatunga. Yeye alikuwa amesoma, mimi ndiye niliyekuwa sijasoma. Nilidai ushahidi kwa mtoto huku kitabu kibovu kiko mkononi mwangu. Futeni ile sifuri. Na yule mama wa kituoni, mwandikieni sifa ya pili. Alirudi."

Kijitabu mlichoshika kimechapwa na fundi huyo. Kina kurasa nane, na katika kila nakala amezihesabu mwenyewe.

Bibi ameacha mdogo wake mmoja, watoto wawili, wajukuu watano, kitukuu mmoja, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa sahihi.

Mwalimu, tumelisema mbele ya darasa. Kalamu chini sasa. Lala kwa amani.