Nyuzi Kumi na Tisa za Mama Saa Kamili

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, mpimaji wa hali ya hewa wa kituo chetu cha mlimani anastaafu. Jina lake limo katika rejista, lakini tangu mwaka wake wa pili kazini kila mtu anamwita Mama Saa Kamili. Saa ikigonga, yeye yuko mbele ya kisanduku cheupe cha vipimajoto, kalamu sikioni, liwake jua au inyeshe mvua. Mhudumu wa ofisi alikuwa akiinjika chai kwa kumwangalia anavyovuka uwanja. Siku nyuki walipovamia kisanduku, Mama alichelewa dakika nne, na kituo kizima kikachelewa kunywa chai.

Kamati ya kuagana ilipomuuliza anataka zawadi gani, hakutaja kitu cha dukani. Alisema anataka tarakimu yake irudi mahali pake. Wenye kumbukumbu tulitazamana, kwa maana tuliijua tarakimu hiyo.

Alianza kama msaidizi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwaga maji ya kipimamvua baada ya wakubwa kuyapima. Siku ya tatu aliyamwaga kabla hayajapimwa. Angeweza kukisia kiasi, wala hakuna ambaye angejua. Badala yake aliandika daftarini: "Mvua imenyesha. Kiasi sikijui, nimeimwaga mimi." Mkuu wa kituo wa wakati huo alicheka hadi akavua miwani, kisha akampandisha kuwa mpimaji.

Wanafunzi waliotembelea kituo walimpenda kwa maelezo yake. Aliwaambia kwamba hewa ni kama mgeni, huja na tabia za alikolala. Bonge la hewa lililokaa siku nyingi juu ya bahari huja limejaa unyevu. Lililolala juu ya nchi kavu huja na ukavu na vumbi. Mabonge mawili yakikutana hayachanganyiki upesi. Kati yao huwa pana mpaka, na mpaka huo ukipita juu ya paa lako, hali ya hewa inabadilika.

Hewa ya baridi ni nzito. Ikija, hujipenyeza chini ya hewa ya joto kama kaka mnene anayepanda kitandani: mdogo wake aliyelala hapo anajikuta hewani. Hewa ya joto ikirushwa juu ghafla hupoa, mvuke wake unakuwa mawingu marefu, kisha upepo, kisha mvua ya kishindo. Lakini hewa ya joto ikiwa ndiyo inayokuja, hupanda polepole juu ya ile ya baridi, mawingu yanatandazwa kama shuka, na manyunyu hudumu kutwa. Ndiyo maana, alikuwa akisema, mvua moja hukukimbiza na nyingine hukuchosha.

Miaka kumi na moja iliyopita, siku ya Alhamisi, mpaka wa namna ya kwanza ulipita mlimani. Saa saba mchana Mama alikuwa ameandika nyuzi thelathini na moja. Saa nane kamili akatuma nyuzi kumi na tisa, upepo umegeuka kutoka kaskazini kuwa wa kusini, na barometa inapanda.

Huku mjini, kilomita arobaini kutoka kwake, chumba cha ramani kilikuwa kinafuka joto. Sisi watabiri huchora mistari ya kuunganisha vipimo vya vituo vyote, na tarakimu inayovunja mstari tunaishuku kwanza. Kila kisanduku kina vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kimevikwa kitambaa chenye maji, na hiki cha pili siku ya jua kali husoma chini sana. Mtabiri wa zamu akaamua kwamba Mama amesoma kile cha kitambaa. Akampigia simu: "Dada, soma tena." Mama akasoma tena, kumi na tisa ileile, akaongeza: "Kaka, kipimajoto kinaweza kukosea, lakini mimi hapa nimevaa sweta."

Mtabiri alicheka, akafuta kumi na tisa, akaandika thelathini. Mtabiri huyo ndiye anayeandika maneno haya.

Kanuni yetu inasema mpimaji hupima na mtabiri hutahadharisha. Mama aliijua. Lakini upepo ule ulikuwa unaelekea mjini, na mumewe, fundi wa mabati, alikuwa huko juu ya paa la ukumbi wa shule pamoja na mafundi wenzake wanne. Mama akapiga simu ofisini kwa mwalimu mkuu, akaomba watu waondolewe ukumbini na uwanjani, na fundi aitwe. Fundi alilalamika kwamba mbingu ni buluu kama sahani. Akaambiwa: "Baba Watoto, shuka. Ukibaki huko juu, leo utapika mwenyewe."

Walishuka. Muda mfupi baadaye upepo ulichukua mabati kumi na mawili ukayatupa ng'ambo ya uwanja, mahali ambapo watoto walikuwa wakifanya mazoezi kabla ya kuondolewa. Shuleni hapakuumia mtu. Sokoni, ambako hatukupeleka tahadhari yoyote, mabanda yaliangukia watu, na mshona viatu mmoja alivunjika mguu.

Mama alipewa barua ya onyo kwa kutahadharisha bila idhini. Aliipokea, akaitia sahihi. Kilichomsumbua hakikuwa barua. Kila Januari aliandika barua fupi kuomba kipimo cha saa nane kisahihishwe, na kila Januari nilijibu kwamba suala linashughulikiwa. Halikushughulikiwa. Niliona haya.

Wiki iliyopita, kwa idhini ya mkuu wa idara na mbele ya mashahidi wawili, kitabu cha mwaka ule kilifunguliwa. Thelathini imekatwa kwa wino mwekundu, kumi na tisa imeandikwa juu yake, na pembeni sababu: mtabiri alikosea. Tulitaka kuiondoa na barua ya onyo jaladani. Mama akakataa, akasema kanuni aliivunja kweli, na angeivunja tena.

Dada yetu, ahsante kwa vipimo vyote, na kwa subira uliyotufanyia. Upumzike kwa afya njema, pamoja na Fundi, wana na wajukuu. Atakayetaka kujua hali ya hewa ya Alhamisi ile, sasa ataambiwa ukweli.