Nikolaus Limbu Ngollo, Fundi wa Upinde wa Pembe

Tunayemzika leo alizaliwa papa hapa Choma tarehe 12 Machi 1923, mtoto wa tatu wa Mzee Ngollo na Mama Nyamizi. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, aliyebeba mizigo kutoka Tabora hadi Bagamoyo kwa miguu, na marehemu hakuchoka kulitaja hilo mbele ya mtu yeyote aliyelalamikia umbali.

Alisoma shule ya misheni Nzega, kisha Tabora, akamaliza darasa la nane mwaka 1941. Kiingereza alikipenda kuliko hesabu. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika karakana ya kujalidi vitabu mjini Tabora, akapanga chumba Mtendeni, na kwa miaka thelathini na miwili alishona na kutia gundi vitabu vya watu wengine. Vingi alivisoma kabla ya kuvirudisha.

Tarehe 14 Agosti 1948 alifunga ndoa na Apolinaria, binti wa wafugaji wa Igunga.

Mwaka 1963 lililetwa karakanani kasha la vitabu vilivyoliwa na mchwa. Kimoja kilieleza pinde za pembe za Bara Asia: mti katikati, vipande vya pembe upande unaomwelekea mpigaji, kano za ng'ombe upande wa nje, vyote vikishikwa kwa gundi ya ngozi. Mwenye kitabu alikuwa amekitupa, marehemu akakiomba. Pembe ndefu aliagiza kutoka Buha, mti akachagua mkole, na gundi aliijua tangu ujana. Siku moja aliichemshia katika sufuria ya ugali. Mama Apolinaria hakugomba. Jioni alimpakulia chakula kutoka sufuria ileile, akasema, "Karibu, Baba Bertila. Leo ng'ombe yumo hata kwenye ugali." Alikula chote.

Lakini kurasa zilizoeleza kukausha upinde zilikuwa zimeliwa zote. Upinde wa kwanza uliachana masika, pembe huku na mti kule. Wa pili ulivunjika mkononi, ukamwachia kovu juu ya jicho. Wa tatu nao ulipinda upande. Majirani walimhurumia waziwazi. Yeye aliandika kila kosa na tarehe yake, hadi akagundua kwamba upinde unataka mwaka mzima mahali pakavu, mbali kidogo na moto. Wa nne, aliouanza mwaka 1972, ulisimama.

Mwaka 1974 alirudi hapa na familia yake, kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa. Sabasaba ya mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya Nzega, Mzee Bundala, mwindaji aliyeheshimiwa wilaya nzima, alisema mbele za watu kwamba upinde haufundishwi na karatasi. Marehemu alimwamkia shikamoo, akamkabidhi upinde wake, akamwomba ajaribu. Mzee alivuta ugwe mara mbili ndipo akaachia. Mshale uliruka shabaha, ukaruka ua wa minyaa, ukaangukia shamba la pamba. Walipima hatua mia tatu na arobaini; hakuna upinde wa mti uliofika nusu yake siku ile. Mzee Bundala aliurudisha kwa mikono miwili. "Mwanangu," akasema, "uandike na sisi tusome."

Neno hilo lilimwingia. Alipopewa kusimamia maktaba ya kijiji, alianza kuziandika upya kurasa zilizopotea, kwa Kiswahili. Novemba 1979 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Binti yake Bertila alimsihi apumzike kwanza, lakini baba alimpa kalamu na kumwambia, "Andika: gundi haiharakishwi." Walifanya hivyo asubuhi kwa asubuhi, na Juni 1981 kazi ikaisha. Kitabu alikijalidi Bertila, baba akielekeza kutoka kitini. Hadi leo wanakijiji sita, wawili wao wanawake, wameanza kutengeneza pinde zao kwa kukisoma, nazo bado zinakauka.

Mwezi Januari kiharusi kilimrudia. Alifariki hospitalini Nzega tarehe 3 Februari 1982, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Mama Apolinaria. Watoto wanne, Bertila, Eustace, Swaumu aliyeolewa Tabora mjini, na Limbu. Wajukuu kumi na mmoja. Na dada yake, Mwanne.

Mungu ampokee fundi wetu, ampe pumziko lenye amani.