Mama Nyuzijoto na Chupa Kumi na Nane

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, fundi sanifu mkuu wa maabara yetu ya kukuza seli za mimea anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu. Jina lake rasmi wachache wanalijua. Kwetu sisi ni Mama Nyuzijoto tu, na hata mumewe akipiga simu mapokezi humwulizia hivyo hivyo.

Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo. Baada ya miaka minne alikuwa akiwafundisha wasomi wenye shahada tatu kufungua chupa bila kuingiza ukungu. Mkurugenzi mmoja alirudishwa mlangoni mara mbili kwa sababu ya viatu. Mara ya tatu aliingia na soksi tu.

Lakini kuna siku moja ambayo amenipa ruhusa niisimulie, kwa sharti nisitie chumvi.

Miaka tisa iliyopita ugonjwa wa mnyauko ulifagia migomba yetu ya mbegu, ikakatwa na kuchomwa yote. Aina ile ikabaki katika chupa kumi na nane tu, seli zikielea ndani ya maji ya virutubisho, kwenye chumba cha nyuzi ishirini na sita. Wiki hiyo kengele ya joto ilikuwa ikilia ovyo. Jumamosi asubuhi Mama akaizima. Jumatatu tulipofungua mlango, hewa ilitupiga usoni kama mvuke wa sufuria. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Kipimo kilisoma arobaini na mbili.

Mama akachukua tone kutoka kwenye chupa, nikamwekea kioo kwenye hadubini. Kwa kawaida, katika seli elfu moja tulikuwa tukiona arobaini hivi zikigawanyika. Siku hiyo alihesabu elfu mbili, akapata tatu, nazo zimekwama katikati. Joto lilikuwa limevunja nyuzi nyembamba za ndani ya seli zinazovuta kromosomu pande mbili, na kromosomu zikabaki zimerundikana shaghalabaghala.

"Zimekufa?" nikamwuliza.

"Zimesimama," akasema. "Kufa bado."

Mkuu wa idara akataka chupa zichemshwe na kutupwa. Alihofia kwamba seli zikiamka na kromosomu maradufu, zitatupa migomba yenye kasoro. Hofu yake haikuwa bure. Mama akaomba siku saba. Kisha, aliposikia fundi wa umeme wa maabara ameitwa kujieleza kuhusu kengele, akafungua daftari la zamu na kuandika: "Kengele niliizima mimi." Sote tulijua mstari huo ungeweza kumfukuzisha kazi.

Akazihamishia seli kwenye virutubisho vipya, akarudisha nyuzi ishirini na sita, akawa anahesabu kila siku. Siku ya pili, hola. Siku ya nne zilianza kugawanyika, lakini nyingi zilikuwa na kromosomu maradufu, na chupa mbili zikageuka kahawia. Hakula mchana. Alikuwa akikaa kwenye kiti chake amekumbatia mkoba, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani na daktari.

Siku ya sita akaniita kwa sauti ya chini. "Njoo uone. Usipumue mezani."

Chini ya lenzi, seli moja ilikuwa ikivuta kromosomu zake pande mbili, sawa kwa sawa. Kesho yake tulipata kumi na mbili katika elfu.

Chupa kumi na moja, zile za kahawia na zenye kromosomu maradufu, zilitupwa. Saba zilipona, na migomba iliyotoka humo leo inazaa mashambani. Mama alipewa onyo la maandishi, na fundi wa umeme akaachwa bila adhabu. Tangu hapo hajawahi kuingia chumba kile bila kwanza kugusa mlango kwa kiganja. Tulimtania, tukampa jina hilo la Nyuzijoto. Yeye hakucheka sana, maana hofu ile haikumtoka.

Sasa imetuhamia sisi, na tunakiri tunaogopa kubaki bila wewe. Asante, Mama, kwa jicho lako na kwa ukweli wako. Nenda ukapumzike na mzee wako, uwalee wajukuu, ulale usingizi mzito. Tunakuombea miaka mingi yenye afya na utulivu.