Wasifu wa Mzee Kamaldin wa Almasi, Kama Ulivyoonekana kutoka Nyuma ya Basi

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Mzee Kamaldin Tumwine, dereva wa klabu ya Almasi ya Mbarara, anakabidhi funguo baada ya miaka ishirini na mitatu kazini. Ameendesha lori moja, teksi moja ya abiria kumi na wanne na basi moja lenye mapazia, na hajashindwa hata mara moja kuifikisha timu yake uwanjani kabla ya muda kuisha. Wanaozijua barabara zetu wakati wa masika wataisoma sentensi hiyo mara mbili.

Msomaji wa jarida la Almasi ana haki ya kuuliza kwa nini wasifu huu umeandikwa na mimi, Astère Ndayambaje, katibu wa Umoja wa Kashojwa kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, timu ambayo Almasi imeifunga mara thelathini na moja. Mwenyewe aliomba hivyo. Alipoulizwa nani aandike, aliwajibu wakubwa wake: "Hawa wachezaji yetu nafunga pazia, nalala. Watu ya Nakivale ndiyo najua kazi yangu." Ni kweli tunaijua. Wengine wanaijua Almasi kwa mbele, kwenye picha na mabango. Sisi tunaijua kwa nyuma, pale kwenye bomba la moshi, kwa sababu tumeisukuma.

Almasi ilizaliwa mwaka 2002 ndani ya lori la maziwa. Hajji Umaru, mwenye klabu, alikuwa na malori saba ya kupeleka maziwa Kampala, na moja lilikuwa halina kazi Jumapili. Wachezaji walisafiri wamesimama katikati ya madebe, Kamaldin akiwa kwenye usukani, na walipofika kwetu walinuka mtindi. Siku hiyo tuliwafunga mawili bila. Namwomba mhariri asiifute sentensi hiyo, maana sina nyingi za namna yake.

Baadaye maziwa yalipata bei na Almasi ikapata maringo. Walijenga kabati la vioo la kuwekea vikombe kabla hawajashinda kikombe chochote, na kwa miaka miwili ofisi ilihifadhi humo chupa ya chai na mkate. Walileta kocha wa kigeni, wakaleta na mkandaji wa misuli ambaye kazi yake nzima ilikuwa vifundo vya miguu ya watu ishirini. Walinunua nyasi za bei mbaya kwa ajili ya uwanja wao wa mazoezi upande wa Masha. Kamaldin alizibeba kwa lori kutoka Kampala, zikapandwa Jumatatu. Jumanne ng'ombe wa jirani, wale wa pembe ndefu, walikuja kuzionja, na Jumatano mwagiliaji hakuwa na kazi. Hajji alinunua nyingine, safari hii pamoja na uzio.

Mwaka 2011 likaja basi. Viti vya ngozi, televisheni mbili, mashine ya baridi, mapazia ya zambarau! Watoto wa Kashojwa walilikimbilia wakidhani ni harusi ya waziri. Tatizo ni kwamba kilomita tatu kabla ya Kashojwa kuna bonde la mafunjo, na bonde lile halina heshima kwa tajiri. Lori la maziwa lilikuwa likizama hadi nusu ya tairi. Teksi ilizama tairi nzima. Basi la mapazia lilizama mpaka tukaona abiria wakiwa usawa wetu.

Sheria ya ligi yetu inasema timu isiyofika ndani ya dakika thelathini tangu saa ya kuanza inapoteza mechi. Kwa hiyo kila mwaka tungeweza kukaa kivulini, tukahesabu dakika na kuchukua pointi tatu. Badala yake kila mwaka tulikunja suruali, tukaenda bondeni kuwasukuma, kisha tukarudi uwanjani tukafungwa. Ilianza enzi za lori, ikawa desturi. Mzee Kamaldin naye alikuwa na desturi zake. Alivua viatu, akashuka kwenye tope wa kwanza, akatusalimia mmoja mmoja kwa jina, akauliza habari za wagonjwa wa nyumbani, ndipo akarudi kwenye usukani. Hakuwahi kutupigia honi kutuharakisha.

Haifai kuficha aibu ya mwaka 2014. Tulisukuma kwa nguvu zetu zote, basi likachomoka, na kwa kuwa lingesimama lingezama tena, Kamaldin hakusimama. Likaenda. Sisi wa Umoja, na wachezaji wote, tulibaki bondeni tukipongezana. Mwamuzi alikuwa ndani ya basi hilohilo. Alifika uwanjani, akatazama saa, akasubiri dakika thelathini, na tulipotokea tukihema na tope hadi masikioni, tulikuwa tumeshapoteza mechi kwa kosa la kuchelewa nyumbani kwetu wenyewe. Hakuna timu nyingine duniani iliyofungwa na ukarimu wake.

Kamaldin aliona vibaya kuliko sisi. Mwaka uliofuata alikuja na mbinu mpya: likishachomoka, basi linatambaa polepole, milango miwili wazi, na kila msukumaji anarukia ndani. Wakubwa wa Almasi walivililia viti vyao vya ngozi. Kamaldin aliwaambia ngozi ni ya ng'ombe, na ng'ombe analala kwenye tope. Tangu hapo timu mbili hasimu hufika uwanjani kwa gari moja, moja safi na moja chafu.

Kuna pia jambo la mwaka 2016. Almasi walikuwa wametufunga matano, wanarudi Mbarara wakiimba, Kwizera, kipa wetu, alipotokea barabarani akipunga mikono yenye glavu. Mkewe Clémence alikuwa ameshikwa na uchungu na hapakuwa na gari jingine. Kamaldin alisimama. Nyimbo zikakoma. Mama yake Clémence, Bi Marcienne, aliteka viti vya nyuma, mkandaji wa misuli akaleta taulo zote za klabu, na mapazia yale ya zambarau yakapata kazi ya maana kwa mara ya kwanza. Kocha, aliyekuwa amepiga kelele dakika tisini, alisali kwa lugha tatu. Mtoto wa kike alizaliwa kabla hawajafika Masha. Wazazi walimwita Almasi, na kwa miaka tisa sasa kipa wa Umoja wa Kashojwa husimama mlangoni mwake kila jioni akiita jina la adui aje kula.

Sasa nifike kwenye safari yake ya mwisho kuja kwetu, mwezi Mei uliopita, ambayo imenifanya nishike kalamu hii.

Ilikuwa siku ya mwisho ya ligi. Almasi walihitaji sare tu wapande ligi kubwa, ndoto ya Hajji Umaru tangu enzi za madebe. Sisi tulihitaji ushindi, la sivyo tunashuka daraja. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mechi ilikuwa saa kumi, mwamuzi alikuwa ameshafika kwa bodaboda, na saa tisa na nusu simu yangu ikalia. Nilifungua sauti ili timu nzima isikie.

"Astère, gari imelala," alisema Mzee Kamaldin. "Lakini leo musikuje. Mimi najua nyinyi nataka pointi. Bakini uko."

Akakata. Yule mzee alikuwa na safari moja tu imebaki ili rekodi yake ikamilike, na alituambia tuivunje. Kocha wetu Karekezi, mtu mwema ambaye hakuwa amelala wiki nzima kwa hofu ya kushuka, alisema, "Mumesikia. Mwenyewe amesema." Nakiri nilifurahi. Nilishapiga hesabu ya msimamo wa ligi kichwani.

Ndipo Clémence akasimama kutoka kwenye mikeka ya mashabiki. "Anasema vile juu ni muntu wa heshima," alisema. "Na sisi ni bantu gani? Mimi nilizalia mu ile bisi." Hakungoja jibu. Alijifunga kitenge, akashika njia ya bondeni. Kwizera akamfuata. Kisha mabeki. Kisha mashabiki wote, na wa mwisho Karekezi, akigombana na nafsi yake kwa sauti.

Tulikimbia kilomita tatu! Tulipofika zilibaki dakika tano kabla ya saa kumi, basi limezama mpaka ngazini, na Mzee Kamaldin amekaa juu ya jiwe akiwa peku. Alipotuona aliinuka. Kisha akaingia ndani, akazima mashine ya baridi, akafungua mapazia yote. "Banange, jamani, leo kila mtu nashuka!" alipiga kelele. "Hata kocha! Hata wewe na soksi mweupe!" Kwa mara ya kwanza katika historia, wachezaji wa Almasi walikanyaga tope la Nakivale kabla ya mechi. Tulisukuma begani kwa bega, wao na sisi, mpaka rangi za jezi zikafanana. Basi likachomoka, milango wazi, watu wakirukia kama siafu. Tuliingia uwanjani saa kumi na dakika ishirini na sita.

Na mechi ile, jamani! Kufikia mapumziko walikuwa mbele tatu bila. Kipindi cha pili tukarudisha moja, tukarudisha la pili, na dakika ya themanini na tisa la tatu likaingia kwa goti la beki ambaye hajawahi kufunga hata mlango. Kona ya mwisho Kwizera aliacha goli lake, akaja mbele, akapiga kichwa. Mpira uligonga mwamba. Uwanja mzima ulisikia. Mwamuzi akapuliza.

Tatu kwa tatu. Almasi wamepanda ligi kubwa, sisi tumeshuka. Wachezaji wao walibebana juu, ila baadhi yao walikuja kwanza kutukumbatia, wangali na tope letu.

Dereva wa mabingwa huondoka akipiga honi mpaka mjini. Mzee Kamaldin aliondoka kimya. Hajji Umaru alimpigia simu akiwa njiani kuuliza honi iko wapi, Mbarara nzima inasubiri, na wachezaji waliokuwamo wamenisimulia jibu lake: "Hajji, walionisukuma ndiyo wameshuka. Mimi siwezi piga honi." Aliendesha hivyo mpaka Mbarara, machozi yakimtoka, na hakuna aliyefunga pazia.

Kwa niaba ya Umoja wa Kashojwa, nakushukuru, Mzee Kamaldin, kwa miaka ishirini na mitatu ya kutusalimia kwa majina. Mwakani Almasi watacheza kwenye miji ya lami, nasi tutacheza na timu za Oruchinga zinazokuja kwa baiskeli. Hatujutii. Pumzika vizuri, kula vizuri, wajukuu wakuchoshe. Na siku ukikwama popote, kwa jambo lolote, nipigie simu. Ila usituambie tusije, maana tutakuja.