Chaja Haina Moto

Maryan alipanda tuktuk mtaani Bulla Pesa na mtungi wake wa maziwa ya ngamia, na hasira aliyobeba ilikuwa nzito kuliko mtungi. Pikipiki yake ya stima ilikuwa imelala nyumbani.

“Nimewapigia walioniuzia, nikawaambia chaja haina moto,” alimwambia abiria wa kando yake, Mathenge, mwenye duka la vitabu. “Msichana wa simu ananiambia, hiyo ni vizuri mama, ikishika moto ndio utupigie.”

Mathenge hakucheka. “Kosa ni lako, mama. Moto ni wa jikoni. Ungesema haina umeme.”

“Soketi iko sawa, nimechomeka redio ikaimba. Chaja ndiyo imekufa. Na hapa Isiolo fundi akitaka kushika waya anauliza nini? Si anauliza kama iko na moto? Maziwa yakichacha nitayafundisha Kiswahili, mzee?”

“Lugha ni lugha,” alisema Mathenge, kama anayesahihisha mtihani.

Tuktuk ilisimama kupisha mbuzi, ikazimika. Dereva alizungusha ufunguo, wapi.

“Betri haina moto,” akasema.

Mathenge alishuka kusukuma, na hakuuliza moto gani.