Sahani ya Kijiko Huko Mwiki

Benchi letu liko Makongeni, ubavuni mwa gereji ya Mulei tunayemwita Spana, na kila jioni Idarous, muuza kahawa, hutumiminia hapo kahawa ya tangawizi. Jioni hiyo kesi ilikuwa ya Kang'ethe. Miaka mitatu iliyopita alipasuliwa tumbo likapunguzwa, unene ukaisha, nasi tukambandika jina la Kijiko kwa sababu tangu hapo hula kwa kijiko cha chai. Jumamosi alikuwa anarudi Mwiki, kule Ruiru, kupeleka mahari ya mwanawe Ngigi. Safari ya kwanza aliacha sahani nzima ya mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, pamoja na nyama, upande wa mchumba wa Ngigi wakanuna, na Ngigi hajaongea naye vizuri tangu siku hiyo. Wenzangu, kwa bahati mbaya, walikuwa na mawaidha.

— Dawa ni moja, akasema Githae, tunayemwita Kamati kwa kuwa hakuna harambee asiyoiongoza. Ukae njaa kuanzia leo. Tumbo ikiwa empty kabisa, itajifungua yenyewe.

— Haijifungui! Kijiko akafoka. Walikata, Kamati! Walikata wakashona! Nikizidisha kidogo natapika. Nikikunywa soda natokwa na jasho, roho inadunda, natafuta pa kulala. Hii maneno nimewaambia mara ngapi?

— Lakini si hiyo ni ya kitambo? Kidonda si ilipona?

— Kidonda ilipona. Tumbo ni hiyo hiyo mpaka nife.

— Basi koti, Spana akadakia. Tuweke mfuko ya nailoni ndani. Nyama moja mdomo, tatu koti.

— Na supu? nikamuuliza.

— Supu pia. Naunganisha na paipu ya radieta.

Nilimwambia anyamaze. Lini Spana alinyamaza?

— Ama nikae kando yako, buda. Wamama wakianza kuimba, nabadilisha sahani, nakula ya watu wawili.

— Wewe unataka tu nyama, Kijiko akamwambia.

— Sijakataa.

Kamati akasimama kabisa, kidole juu, kama yuko mbele ya mkutano.

— Sikieni! Chakula ikiletwa tu, Kijiko aanguke. Chini, puu! Mimi napiga nduru, "Ngai, pressure!" Tunambeba kwa gari. Nani ataongea mambo ya sahani na mtu amezimia?

— Na mahari itapeanwa na nani? nikauliza.

— Aanguke baada ya maombi.

Kijiko alipiga benchi kofi, kahawa ikamwagikia viatu vyangu.

— Mimi nimechoka! Nyumbani mama Ngigi analia ati nimekataa chakula yake. Kanisani wananong'ona niko na ule ugonjwa mbaya. Mwiki wanasema nadharau sufuria yao. Mtoto wangu akikosa bibi juu ya hii tumbo, nitaenda wapi? Na nyinyi mnanishonea koti!

Hata Spana aliinamisha kichwa. Hapo ndipo Wangechi, msichana mwenyewe wa Mwiki, alipotokea akitoka kazini mjini. Tulikaa wima kama wanafunzi. Alimpa Kijiko mkono kwa adabu, ule mwingine umeshika kiwiko.

— Habari ya jioni, baba. Nimetumwa na mum. Ile siku alilala vibaya akidhani alikupikia vitu hupendi. Jumamosi anataka kukuwekea sufuria yako, kando. Amesema nikuulize mwenyewe: huwa unakula nini?

Kamati alimtazama Spana. Spana akanitazama mimi, nami nikamtazama Idarous, akajifanya anachochea makaa. Miaka mitatu tumekaa na huyu mtu tukimcheka kijiko chake, na hakuna aliyejua kilichokuwa juu ya hicho kijiko. Niliona aibu.

Kijiko alivua kofia na kujifuta nayo macho.

— Haki, mtoto wangu, akasema. Hiyo hakuna mtu amewahi niuliza.

Wangechi akasogeza kikombe changu, akaketi karibu naye, akangoja.